Rekodi ya uzazi ijazwe leba, si mwisho wa zamu

Ukikuta patografu, yaani chati ya kufuatilia leba (uchungu wa kuzaa), ambayo mapigo ya moyo wa mtoto ni 140 tangu mwanzo hadi mwisho, na kila nukta imekaa kwenye saa kamili, jua imejazwa mama ameshajifungua. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha mkunga, leba ikiendelea, kwamba mlango wa kizazi haufunguki inavyotakiwa au mtoto anachoka. Ikijazwa baadaye haimsaidii mtu, na inampotosha atakayechunguza kwa nini mtoto aliumia. Vivyo hivyo na Apgar, alama za 0 hadi 10 za hali ya mtoto anapozaliwa: mtoto aliyekuwa akisaidiwa kupumua dakika ya 5 hawezi kuandikiwa 10 kwa dakika hiyo.

Uzito nao hurundikana kwenye 2500, 3000 na 3500. Uzito pungufu ni chini ya gramu 2500, kwa hiyo mtoto wa gramu 2460 aliyeandikiwa 2500 ameondolewa kwenye orodha ya wanaohitaji kufuatiliwa kwa karibu. Tandika kitambaa kwanza, rudisha mizani kwenye sifuri, mlaze mtoto akiwa uchi, na namba iandikwe hapohapo kama ilivyosomeka.

Damu ikikisiwa kwa macho, mara nyingi hukisiwa pungufu, maana nyingine imenyonywa na mashuka. Pima pedi zilizoloa, toa uzito wa zile kavu, kila gramu ihesabu kama mililita moja. Ikifika mililita 500, mama anavuja damu kupita kiasi hata kama anaongea vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni safu ya mtoto mfu. Kwa ufafanuzi wa Shirika la Afya Duniani, mtoto aliyepumua, au moyo wake ukapiga, au kitovu kikadunda, au akajongeza misuli yake mwenyewe, amezaliwa hai, hata akifariki baada ya dakika moja. Kuzaliwa kwake kuandikishwe, na kifo chake pia. Lakini wengi huandikwa wafu kwa sababu mtoto mfu hujaziwa fomu moja badala ya mbili, au kwa kuogopa maswali. Wapo pia waliofia kwenye leba na wakaandikwa kwamba ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka, yaani walikufa tumboni kabla ya leba kuanza. Neno hilo moja linaisafisha leba nzima. Cha kulipima ni mapigo ya moyo wa mtoto mama alipopokelewa, na hicho ndicho kisanduku kinachoachwa wazi mara kwa mara.

Simlaumu mkunga mwenye kina mama watatu wanaosukuma kwa pamoja. Apewe msaidizi wa kuandika, na kikao cha kujadili vifo kisigeuzwe mahakama, kwani wakunga wakiadhibiwa kwa walichoandika, mwezi ujao wataandika kinachowalinda. Kilichoandikwa kwa kuchelewa kiandikwe saa halisi ya kuandikwa. Kilichokosewa kikatwe kwa mstari mmoja unaoacha cha chini kisomeke, kisha saini.