Safisha Tangi Tu

Watu wakisikia natunza boti ya matanga, wanadhani nimeula. Shemeji yangu kila mwezi ananiomba nimtafutie nafasi. "Si ni kazi ya kupunga upepo hiyo!" Haya, shemeji, njoo uone unavyopungwa: umelala kifudifudi juu ya mbao, kichwa kimezama ngamani, yaani kule chini kabisa tumboni mwa boti, makalio juu, tochi mdomoni.

Boti yenyewe imefunga hapa Kilifi, kwenye kriki. Bosi anakaa Nairobi. Ni boti ya faiba, futi 35, imeundwa Uingereza mwaka 1974. Ina umri sawa na huyo huyo shemeji, na tabia wamegawana: haifanyi kazi, lakini kila wiki ina mahitaji.

Jumatatu bosi akapiga simu. Ijumaa ana wageni, na safari iliyopita maji ya bomba la jikoni yalinuka yai viza. "Safisha tangi tu," akasema. Hilo neno "tu" lina mwenyewe. Likitoka Nairobi ni jepesi, likifika Kilifi limeshakuwa siku nne.

Tangi langu la nyumbani liko juu ya choo, plastiki jeusi, mfuniko wake ukiufungua anaingia mtoto mzima na brashi yake. Hawa mafundi wa 1974 walitangulia kuweka tangi, wakalitazama, wakaridhika, kisha wakajenga boti juu yake. Kulifikia ni hivi: unaondoa magodoro ya viti. Chini yake kuna mbao, zimeshikwa na skrubu za shaba ishirini na mbili, na kila moja kichwa kimeliwa, bisibisi inazunguka peke yake kama feni. Ukizimaliza unakutana na mguu wa meza. Umefungwa kwa bolti, na nati ya hiyo bolti iko chini ya tangi. Yaani hutoi tangi mpaka utoe meza, na hutoi meza mpaka utoe tangi. Nilikaa nikaitazama ile meza, nikanywa chai juu yake, nikaamua ibaki.

Kabla ya yote nilikuta maji ngamani. Maji ya ngama lazima uyaonje, ndiyo kazi. Yakiwa ya chumvi, bahari inaingia. Yakiwa matamu, kuna tangi linavuja. Nikachovya kidole: matamu, kwa mbali yana dizeli na soksi. Nikayafua yote nikayatupa nje, nikapangusa pakakauka kabisa, nikafungua bomba nikalimwaga tangi hadi tone la mwisho. Kesho yake asubuhi nakuta ngamani maji tena, mpaka kifundoni. Naonja, matamu. Tangi tupu, maji yanatoka wapi? Nikajiambia labda ni jasho langu, nikaendelea na kazi. Kumbukeni hapo.

Wazee wa baharini wana msemo wao, tezi na omo marejeo ni ngamani: uende tezi, nyuma ya chombo, au omo, mbele yake, utarudi ngamani tu. Sisi shuleni tuliambiwa unahusu maisha. Wallahi unahusu mabomba.

Mdomo wa tangi ni inchi nne. Tangi la lita 200, mdomo wa sosa! Na ndani kuna kuta mbili za chuma zenye matundu kwa chini. Hizo sizigombi, maana lita 200 ni kilo 200, boti ikilala upande kwa upepo na maji yote yakakimbilia huko kwa kishindo, kuna kitu kitapasuka. Ninachogomba ni kwamba vyumba ni vitatu na mlango ni mmoja. Chumba cha kwanza nilikisugua kwa mkono, cha pili kwa brashi niliyoifunga kwenye fimbo, cha tatu nilikisomea dua.

Kule chini kuna ute, laini, baridi, kama ulimi wa ng'ombe aliyekufa jana. Nikasukuma mkono niufikie wote, ukaingia mpaka juu ya kiwiko. Kutoka, ukagoma. Simu ikalia, nikaipokea kwa mkono wa kushoto.

"Baba Rehema, unga umekwisha. Uko wapi?"

"Kazini."

"Mbona unaongea kama uko kaburini?"

"Nimeshikwa, mama."

"Na polisi?"

"Na Tangi."

Kimya. Kisha polepole, kwa ile sauti ninayoijua: "Huyo Tangi ni mwanamke wa wapi?"

Nilitoka kwa sabuni ya vyombo. Ngozi ya kiwiko imebaki huko huko, wageni watainywa.

Kulijaza nako. Mitungi kumi ya lita ishirini, kwa mkokoteni hadi ufukweni, halafu kwa kidau, na maji ya bahari yamekupwa, matope magotini. Namimina mtungi wa kwanza, tangi linacheua kama mtoto aliyelazimishwa uji. Maji yananirudia usoni. Kumbe tangi lina kijibomba cha kupumulia kinachotokea nje ubavuni, na nyigu wa udongo wamekiona ni nyumba nzuri, wamejenga, wamezaa. Nikawahamisha kwa waya. Wenyewe hawakuhama kwa amani.

Nikatia glasi moja ya jiki, nikafungua kila bomba mpaka harufu yake ikatoka, nikaacha saa nne, nikamwaga, nikasuuza mara mbili. Usilaze jiki humo usiku kucha, inakula chuma. Jirani yangu wa boti ya pili akapiga kelele nichanganye na siki, ati harufu itaondoka haraka. Ndugu yangu, siki na jiki zikikutana zinatoa gesi ya sumu, na mimi kichwa changu ndicho kiko kwenye tundu. Harufu ingeondoka nami ningeondoka.

Alhamisi jioni nimefunga kila kitu. Nimebaki na skrubu tano mkononi, nimezitia mfukoni bila kuziuliza zilikuwa za wapi. Nikatia maji ya bomba kwenye birika nijipongeze kwa chai.

Yai viza.

Nikampigia bosi nikamweleza yote, ute, nyigu, kiwiko. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Pole sana, kazi nzuri. Na lile la omo ulilikutaje?"

"Lipi la omo, bosi?"

"Si lile chini ya kitanda. Yote mawili yanakwenda bomba moja."

Nikachukua tochi, nikaenda omo, nikainua godoro. Skrubu za shaba. Nikaanza kuzihesabu, nikafika thelathini, nikarudisha godoro nikalala juu yake.