Soya ya Ruvuma: zao la zamu au shamba la soya tupu?

Tangu China ifungue soko lake kwa soya ya Tanzania mwaka 2020, wakulima wa Ruvuma, Njombe na Mbeya wamekuwa wakihimizwa kuilima kwa wingi. Wanaohimiza wana hoja nzito. Vinundu vya mizizi ya soya huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hivyo mahindi ya msimu unaofuata hayadai mbolea nyingi. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, nacho hupungua: mbegu zake huota zikihisi mizizi ya soya, zikakosa pa kunyonya, zikafa. Shamba lililochoshwa na mahindi kila mwaka linapata nafuu.

Shida huanza soya isipopishana tena na chochote. Mnunuzi wa shehena za meli anataka tani nyingi za mbegu zinazofanana, na shamba la kumridhisha ni rahisi kulipalilia kwa kiuagugu. Magugu yakiondoka, yanaondoka pia maua ya nyuki na mgagani, mboga ya majani ambayo akina mama huchuma bila kutoa hata shilingi. Nchini Brazil, wafanyabiashara wakubwa walikubaliana mwaka 2006 kutonunua soya ya misitu ya Amazon iliyofyekwa upya. Nyika ya Cerrado haikuwamo, na huko matrekta yakaendelea kusonga. Miombo yetu inafanana na Cerrado kuliko Amazon: pori ambalo mtu wa ofisini huliita ardhi isiyo na kazi.

Wapo wanaosema kwamba kuchanganya soya na mahindi katika shamba moja kunapunguza mavuno, kwa sababu mahindi huitia soya kivuli. Ni kweli. Magharibi mwa Kenya wapo wanaopanda mistari miwili ya mahindi kwa miwili ya mikunde ili mwanga upenye, ila jembe la mkono linabaki palepale na vibarua si bei rahisi. Kwangu, kupishanisha soya na mahindi msimu kwa msimu kunatosha.

Kuhusu chakula, soya ina protini karibu asilimia 40, ingawa isipopata moto wa kutosha kabla ya kusagwa, mwili hushindwa kuitumia vizuri. Wasagaji wa unga wa lishe wazingatie hilo. Linalonitia shaka zaidi ni soya kuchukua eneo la maharage. Maharage huishia chunguni nyumbani, soya hupakiwa kwenye lori. Na mizani ya mnunuzi husoma kilo tu: aliyebakiza miombo na aliyeifyeka yote wanalipwa bei ileile.