Sifa za Sifa: Panya Wamepona, Je, Ami?

Ukifika Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi huko Lamu, siku vyombo yamepandishwa pwani, pua hukuarifu kabla ya jicho. Harufu ile ni ya sifa, mafuta ya maini ya papa, yanayopakwa mbao zisiliwe na jua na chumvi. Kwa mafundi wa vyombo, mafuta ya samaki yalikuwa dawa ya mbao. Yale ya kutibu magoti yamekuja juzi tu, ndani ya chupa, vidonge vya rangi ya asali.

Barazani Mkunguni, mbele ya ngome ya mji wa Lamu, nilimsikia kijana akimbembeleza ami yake anayeugua baridi yabisi. "Ami, hivi vimejaribiwa kwa panya, uvimbe ukashuka." Mzee akaweka chini kikombe cha kahawa. "Na mimi ni panya?" Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nguru. Mimi sikuhama. Kijana ana haki kuliko ami alivyodhani, na ami ana haki kwa sababu ambazo hakuzitaja.

Mchochota, yaani ule uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu, huchochewa kwa sehemu na kemikali ambazo mwili huzitengeneza kutokana na asidi ya arakidoni, mafuta ya jamii ya omega-6 yaliyomo kwenye utando wa seli. Mnyama akilishwa mafuta ya samaki, EPA na DHA za jamii ya omega-3 huingia kwenye utando ule ule na kuchukua baadhi ya nafasi. Vimeng'enya, yaani vitenda kazi vya mwili vinavyotengeneza kemikali hizo, havichagui: vikiikuta EPA, navyo hutengeneza leukotraini, mojawapo ya kemikali za mchochota, ila iliyo dhaifu. Ni kama mpishi wa pilipili mbuzi aliyeletewa pilipili boga. Sufuria ni ile ile, ukali haupo. Tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Charles Serhan, huko Boston, lilieleza resolvini, kemikali zinazotokana na EPA na DHA ambazo kazi yake ni kuuzima mchochota ukishatimiza wajibu wake.

Ushahidi wa wanyama ni wa zamani na una uzito. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walichukua panya wa ukoo unaozaliwa na ugonjwa unaofanana na lupasi, kinga ya mwili ikishambulia figo. Waliolishwa mafuta ya samaki figo zao zilihifadhika na wakaishi muda mrefu zaidi. Kisha mwaka 2004 Jing Kang na wenzake wakatangaza panya waliopandikizwa jeni ya mnyoo mdogo, wenye uwezo wa kugeuza omega-6 kuwa omega-3 wenyewe. Hapo chakula ni kimoja kwa makundi yote mawili, kwa hiyo huwezi kudai kwamba tofauti imeletwa na lishe. Panya hao, utumbo wao ulipochokozwa kwa kemikali, waliumia kidogo kuliko wenzao. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio linalompa kijana nguvu.

Sasa ami. Wale panya wa 1981 mafuta yao yote yalikuwa ya samaki. Hata lishe yenye asilimia 5 tu ya mafuta ya samaki si ndogo: kwa mtu anayekula nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, ni gramu 25 za mafuta, takriban vidonge 25 vya gramu moja. Lingine ni wale wanaolinganishwa nao. Mara nyingi kundi la kulinganishwa hulishwa mafuta ya mahindi, yaliyojaa omega-6, na yeyote akisimama karibu na hayo ataonekana mtulivu. Jikoni kwetu ni tui la nazi na mafuta ya mawese, yenye omega-6 kidogo. Tofauti iliyoonekana maabara huenda isionekane kwenye wali wa ami.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni kwamba mchochota si adui tu. Ndio askari. Mwaka 2009 panya waliokula mafuta ya samaki waliambukizwa virusi vya mafua: mapafu yao yalikuwa na mchochota mdogo, virusi vikazidi, na waliokufa wakawa wengi zaidi. Simbilisi (guinea pig) waliolishwa omega-3 na kuambukizwa kifua kikuu nao walidhoofika kuliko waliolishwa omega-6. Sisemi kibua huleta kifua kikuu. Hayo ni maambukizi ya maabara na lishe nzito. Ila Shirika la Afya Duniani linaihesabu Kenya miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na tangazo la dawa ya kutuliza kinga linapaswa kusomwa huku tukilikumbuka hilo.

Halafu malaria inavuruga hesabu yote. Tangu 1957 imejulikana kwamba mafuta ya ini la chewa wa bahari baridi (cod) huwakinga panya na vimelea vya malaria, na ukiwapa vitamini E kinga hiyo hutoweka. Mafuta haya huoza upesi kwa hewa, na kuoza huko ndiko kunakomuumiza mdudu. Kumbe ubaya wa mafuta unaweza kuwa ndio dawa.

Kwa binadamu, dozi ya gramu 3 hivi za omega-3 kwa siku hupunguza ukakamavu wa asubuhi kwa wenye yabisi inayotokana na kinga kuushambulia mwili. Shida ni kwamba sisi huita baridi yabisi kila goti linalouma. Goti la fundi aliyechuchumaa chini ya jahazi miaka arubaini huenda limelika tu, na hilo si lile lililopimwa. Dozi kubwa pia zimehusishwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kwa hiyo daktari aulizwe kwanza ni goti la aina gani.

Kijana, alipoona chupa ni ghali, aliuliza kama sifa ya Matondoni haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo. Haiwezi. Ini la papa lina vitamini A nyingi inayoweza kumlemea mtu, na mafuta yaliyokaa kwenye debe juani yameshaoza kabla hayajafika mdomoni.