Shangazi Amebaki Kijijini

Mwaka 2024, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja tu, binti yangu alirudi kutoka shuleni, akanikuta uani kwetu Nkuhungu nikichambua mlenda, akaniuliza bila kupepesa macho: "Mama, huo mlango wa kizazi uko wapi?" Nilimjibu kwamba ni sehemu ya ndani ya mwili, kisha nikamtuma dukani akanunue chumvi, ilhali kopo la chumvi lilikuwa limejaa. Aliporudi hakuuliza tena.

Wazazi wengi hapa Dodoma huamini kwamba kutozungumza na mtoto habari za uzazi ndiyo mila yetu. Nadhani tunaisingizia mila. Ni kweli kwamba kwa Wagogo, kama ilivyokuwa kwa makabila mengi ya nchi hii, mama hakukaa na binti yake kumweleza mambo ya hedhi na ya wanaume. Lakini aliweza kunyamaza kwa sababu alijua bibi au shangazi amekwisha kuyasema, tena kwa maneno ambayo leo yangetutoa jasho. Vijana wa kiume nao walifundwa jandoni. Sisi tulihamia mjini, shangazi tukamwacha Mvumi au Mpwapwa, mtoto wa kiume tukampeleka hospitali kutahiriwa na jeraha lilipopona tukahesabu kwamba kazi imekwisha. Katika yote hayo, tulichokibeba ni ule ukimya wa mama peke yake.

Sidai turudishe kila kitu. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, na mila hiyo, iliyoota mizizi mkoani kwetu, ife kabisa. Ninachokililia ni ile kazi ya shangazi, ambayo sasa haina mwenyewe.

Najua jibu linalotolewa: kumweleza mtoto ni kumfungua macho. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba, na sidhani kwamba hao wote walifunguliwa macho na mama zao.

Baada ya siku tatu nilimwita binti yangu palepale uani. Nilimwambia kwamba mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale unapoungana na uke, na kwamba kirusi kinacholeta saratani hiyo huambukizwa kwa kujamiiana, ndiyo maana chanjo hutolewa mapema, kabla msichana hajaanza mambo hayo. Neno "uke" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, mimi niliyezaa watoto watatu. Yeye hakucheka, aliuliza kama sindano inauma, kisha akauliza maswali mengine mawili ambayo nayaacha baina yetu. Mazungumzo yote hayakufika robo saa, na tangu hapo huanza yeye, aghalabu tukiwa tunapika, kwa sababu jikoni hatulazimiki kutazamana usoni.

Kaka yake ndiye niliyekuwa nimemsahau. Tunamfundisha binti kujilinda, halafu kijana wa miaka 16 tunamwachia simu na vijana wa kijiwe cha bodaboda wawe walimu wake. Nilipomweleza kwamba sheria hiyohiyo ya 1998 huhesabu kuwa ni ubakaji kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 hata kama mwenyewe amekubali, alishtuka, akaniuliza kwa sauti ya kutosha kusikika ndani: "Mbona baba hajawahi kuniambia?"

Baba yake alikuwa sebuleni akisikiliza taarifa ya habari. Nilisikia sauti ya redio ikipunguzwa.