Loweka, kausha, ndipo usie

Masika yakikolea, maji ya mlimani hushuka Mabogini, Chekereni na Kahe, chini ya Mlima Kilimanjaro, na jaruba la mpunga lililosiwa juzi linageuka bwawa. Wiki mbili baadaye yanaonekana mabaka matupu, na lawama zote zinaangukia mbegu. Naamini hasara nyingi tungeiepuka kwa kazi ya siku mbili tatu tunayoipuuza: kuloweka mbegu, kisha kuikausha tena kabla ya kusia.

Tulichozoea ni kuloweka, kufukia kwenye gunia na kumwaga mbegu iliyochipua. Hilo linafaa pale unapoweza kuondoa maji. Usipoweza, kizizi kilichokwisha kutoka kinadumaa, kwa kuwa bila oksijeni mpunga hurefusha ala ya chipukizi tu kutafuta hewa juu ya maji. Nguvu ya kurefuka inatoka kwenye wanga wa punje, ambao lazima kwanza vimeng'enya viuvunje kuwa sukari. Kuloweka kunaianzisha kazi hiyo. Kukausha kunaisimamisha kabla mzizi haujatoka.

Koroga chumvi ndani ya maji hadi yai bichi lielee, mimina mbegu, toa mapepe (punje tupu zinazoelea), kisha suuza vizuri mara tatu. Kausha, pima kilo 10, loweka kwenye lita 20 za maji safi kwa saa 24, ukibadilisha maji katikati. Ukiona ncha nyeupe inachungulia umechelewa. Hiyo usiikaushe, isie kitaluni siku hiyohiyo.

Wengi huharibu kwenye kukausha. Tandaza kivulini juu ya turubai, unene usizidi sentimita 2, geuza mara kwa mara hadi uzito urudi karibu na kilo zilezile 10. Tumia mizani, usiamini mkono: ganda hukauka upesi huku ndani bado kuna maji, na mbegu ya hivyo ikitiwa gunia hupata joto na kuvu. Saruji yenye jua la mchana inaua kiini. Wala usiitunze hadi msimu ujao, maana mbegu iliyoandaliwa hivi huzeeka haraka.

Isisemwe kwamba hii ni dawa ya kila mafuriko. Inasaidia uotaji tu. Mche uliokwisha kukua ukizama wote, unahitaji aina yenye jeni (chembe ya urithi) ya SUB1A, iliyotoka kwenye mpunga wa India uitwao FR13A, inayouvumilisha kama wiki mbili. Na jaruba lisilosawazishwa litabaki na mashimo ambamo hata mbegu nzuri inaoza.

Jaribu mapema, mwezi wa Februari. Punje 50 zilizoandaliwa, 50 za kawaida, kila kundi kwenye ndoo yake yenye tope, maji sentimita 5 juu yake. Hesabu machipukizi yaliyotokeza juu ya maji siku ya 14. Tofauti ikiwa ndogo, tatizo lako ni aina ya mbegu au mfereji wa kutolea maji, na fedha ielekezwe huko.