Ghala la dawa za tumbaku halisafishwi kwa jiki

Chupa ya dawa ya wadudu ikipasuka ghalani, iwe Urambo au Sikonge mkoani Tabora, wengi hukimbilia ndoo ya maji na jiki. Hilo ni kosa kubwa, na linaniuma kwa sababu mara nyingi hilo "ghala" ni chumba kimoja cha nyumba wanamolala watoto.

Viuatilifu vya oganofosfeti, kundi mojawapo la dawa za wadudu, ni ndugu wa sarini, sumu ya kivita iliyoachiwa kwenye treni za Tokyo mwaka 1995. Zote huziba kimeng'enya kilekile cha neva. Kwa hiyo usafishaji wa sumu za kivita una somo kwetu: kule Salisbury, Uingereza, baada ya shambulio la sumu ya neva la 2018, paa la nyumba iliyochafuliwa liling'olewa. Sumu ikishaingia kwenye mbao, kufuta juujuu hakutoshi.

Maji huizamisha sumu kwenye sakafu ya udongo na tofali la kuchoma. Jiki nayo ina hatari yake: klopirifosi, mojawapo ya viuatilifu hivyo, ikikutana na klorini iliyomo kwenye jiki hugeuka oksoni, ambayo ni kali kuliko yenyewe.

Toa watu nje, fungua madirisha. Vaa glavu za mpira na buti za mpira. Viatu vya ngozi hunyonya sumu na havisafishiki tena. Funika kilichomwagika kwa udongo mkavu, majivu au maranda, kiache kinyonye, kisha zoa kwa koleo utie kwenye ndoo yenye mfuniko. Usifagie pakiwa pakavu, vumbi litaingia mapafuni.

Sakafu ya saruji iliyosiribwa vizuri isugue kwa sabuni na magadi, kilo 1 ya magadi kwa lita 20 za maji. Iache ilowe saa nzima, rudia. Magadi huivunja sumu polepole, ndiyo maana haraka huharibu kazi. Maji machafu yanyonyeshe udongo, yasifike kisimani. Sakafu ya udongo chimba uitoe. Lipu iliyolowa ibandue. Magunia na mahindi yaliyoguswa hayafuliwi wala hayaoshwi: ni taka ya sumu. Usiyachome, mwone ofisa ugani.

Mtu akitokwa na mate, jasho na machozi, mboni zikasinyaa, mvue nguo, muogeshe kwa sabuni, mkimbize hospitali. Mtajie daktari jina la dawa.

Mwisho, funga chumba mchana wa jua kali la Oktoba, kisha fungua ukiwa mlangoni. Harufu ikirudi, sumu bado imo ukutani. Isiporudi, bado usilaze mtu humo.