Umeme huu hauunguzi

Mhariri, habari yenu kuhusu kutibu saratani ya tezi dume kwa mipigo ya umeme ni nzuri, ila mlipoandika kwamba saratani hiyo "inaunguzwa kwa umeme" mmeteleza. Njia hii, iitwayo kitaalamu "irreversible electroporation" (IRE), haitegemei joto. Sindano huchomekwa kuzunguka uvimbe, kisha hupitishwa mipigo mifupi mno ya umeme, hadi volti 3,000. Utando wa seli hutoboka vitundu visivyoziba tena, seli ikafa. Kuta za mishipa mikubwa ya damu husalimika, ndiyo maana hujaribiwa hata kwenye kongosho, ambako kisu hakifiki kirahisi. Lakini nusu kaputi iko palepale (hilo hamkuligusa!), tena na dawa ya kulegeza misuli, la sivyo mgonjwa angeruka kitandani. Marekani waliidhinisha kwa tezi dume Desemba 2024 tu, kwa hiyo neno "tiba ya uhakika" mlilolitumia mngelingojea kidogo.